Gegedu, Baridi na Hesabu ya Umri: Historia ya Ujuzi kuhusu Uzee wa Viungo katika Mwambao wa Mashariki wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Ziwa Viktoria, katika maji ya Musoma, mkoani Mara. Riziki yake, kama ilivyo riziki ya visiwa na ghuba nyingine za Wajita, Wakwaya na Waruri, hupatikana kwa kazi zinazotegemea magoti, viuno na mabega: kupiga makasia, kuvuta nyavu, kusukuma mtumbwi hadi nchi kavu, kuanika dagaa kwa kuinama, kulima mihogo kwa jembe la mkono, kubeba maji kichwani. Katika kazi za namna hiyo kiungo kinachouma si usumbufu mdogo. Mvuvi asiyeweza kukunja goti hawezi kupanda mtumbwi, na mwanamke asiyeweza kuchuchumaa hupoteza nusu ya shughuli za nyumba yake.

Insha hii inahusu kitu kidogo kilichomo ndani ya viungo hivyo, nacho ni gegedu: tabaka jeupe na nyororo linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Swali linaloulizwa ni la kihistoria. Ujuzi kuhusu gegedu na namna linavyobadilika kadiri mtu anavyozeeka ulijengwa wapi, kwa ushahidi gani, na kwa nini watu wa mwambao huu walichelewa kuingia katika ujuzi huo? Hoja inayotetewa ni kwamba kuchelewa huko hakuwezi kuchukuliwa kuwa dalili ya uchache wa ugonjwa. Kulitokana na jinsi ugonjwa na umri vilivyohesabiwa. Dola iliyoweza kuhesabu homa haikuweza kuhesabu miaka ya watu, na ugonjwa wa gegedu hauonekani katika takwimu pasipo miaka.

Urithi wa neno

Maumivu ya viungo yasiyotokana na jeraha huitwa kwa Kiswahili baridi yabisi. Jina hilo limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na lilikuwa limezeeka katika lugha kabla ya kamusi hiyo. Kwa msemaji wa leo ni jina la ugonjwa tu, na wengi hudhani kwamba linahusu upepo wa usiku au maji ya ziwa. Asili yake ni pana zaidi. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu. La pili maana yake ni kitu kikavu, na kwa pamoja yalikuwa kwa tabibu wa zamani maelezo kamili ya chanzo cha ugonjwa. Katika tiba iliyoanzia kwa Galen na kupangwa upya na Ibn Sina katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb, kila mwili ulikuwa na uwiano wake wa joto na baridi, wa umajimaji na ukavu. Utoto ulihesabiwa kuwa umri wa joto na umajimaji. Uzee ulihesabiwa kuwa umri wa baridi na ukavu.

Tiba hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ileile iliyoleta vitabu, viungo vya chakula na misikiti, na utabibu wa pwani hadi leo hugawa vyakula na maradhi kwa baridi na joto. Kiswahili kiliposafiri kuelekea bara pamoja na misafara, kisha pamoja na shule, misheni na zahanati, kiliibeba istilahi hiyo bila kubeba nadharia iliyoizaa. Hivyo mzee wa Musoma aliyemwambia mganga wa zahanati kwamba ana baridi yabisi alikuwa akitumia, bila kujua, dhana ya Kigiriki iliyopita Baghdad na Zanzibar. Jambo hilo linastahili kutajwa kwa sababu mara nyingi huandikwa kwamba jamii za ziwani zilikuwa na imani tu kuhusu viungo, ilhali Ulaya ilikuwa na sayansi. Kwa karne nyingi pande hizo mbili zilishiriki nadharia moja, na jina lake limehifadhiwa na Kiswahili vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya.

Kuhusu fikra za wenyeji wenyewe, chanzo kilicho karibu na chenye uzito ni kazi ya Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali iliandikwa kwa Kikerewe katika miaka ya 1940 na kutolewa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kikerewe na Kijita ni lugha zilizo karibu sana, na visiwa vya Ukerewe viko katika maji yaleyale. Riwaya hiyo ni hazina ya maelezo kuhusu waganga, mizizi, masharti na gharama za kutafuta tiba. Lakini tatizo linalowasumbua wahusika wakuu na kuwapeleka kwa mganga ni kukosa mtoto. Uzee wao unapofika hauchukuliwi kuwa ugonjwa wa kutafutiwa dawa. Mtafiti anayetafuta historia ya gegedu katika simulizi za ziwa hukutana na pengo hilo tangu mwanzo: kiungo cha mzee kilifahamika vizuri mno kiasi cha kutohitaji kuelezwa.

Tishu isiyo na damu

Katika Ulaya mwelekeo ulibadilika mwaka 1743. Mwaka huo William Hunter, Mskoti aliyekuwa bado kijana, alichapisha katika jarida la Royal Society la London makala kuhusu umbo na maradhi ya magegedu ya viungo. Alionyesha kwamba mishipa ya damu huishia pembezoni mwa gegedu bila kupenya ndani, akaeleza mpangilio wa nyuzi zake, na akasisitiza jambo ambalo wapasuaji walikuwa wakilijua kwa uchungu: gegedu likishaharibika halirudi. Kauli hiyo imedumu karibu karne tatu na haijapinduliwa, ingawa sababu yake ilieleweka pole pole sana.

Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu wala neva. Chembe hai zake ni chache. Huchukua takriban asilimia 1 hadi 5 ya ujazo wote, nazo hukaa mbalimbali kama visiwa ndani ya maada ambayo zenyewe ziliijenga. Maada hiyo kwa uzito ni maji kati ya asilimia 65 na 80. Kinachobaki ni hasa nyuzi za kolajeni na molekuli kubwa zenye umbo la mswaki, ziitwazo agrekani. Mwaka 1925 Alfred Benninghoff alieleza kwamba nyuzi hupanda kutoka mfupani, hupinda karibu na uso wa gegedu, kisha hurudi chini, mfano wa matao. Mwaka 1969 ilibainika kwamba kolajeni ya gegedu ni ya aina ya pekee, tofauti na ile ya ngozi na mfupa. Ikaitwa aina ya pili. Mwaka 1972 Timothy Hardingham na Helen Muir, wakifanya kazi London, walionyesha kwamba agrekani hujipachika kwa wingi juu ya uzi mmoja mrefu wa asidi ya hyaluroniki.

Matokeo ya muundo huo yanaweza kuelezwa kwa mfano wa wavu. Agrekani zimejaa chaji hasi. Huvuta maji na kutaka kutanuka bila kikomo. Kolajeni ni wavu unaozizuia zisitanuke. Gegedu lenye afya basi ni kitu kilicho katika mvutano wa kudumu: maji yanataka kuusukuma wavu, wavu unayashikilia maji. Mtu anapokanyaga, maji kidogo hukamuliwa nje. Anapoinua mguu, maji hurudi yakiwa na lishe kutoka katika ute wa kiungo. Kwa kuwa hakuna damu, mwendo wa kiungo ndio unaoisaidia lishe kuzifikia chembe. Kiungo kilichofungwa kwa muda mrefu bila kusogezwa hudhoofisha gegedu lake.

Hapa ndipo tamathali ya zamani ya bawaba inayolika inapoanguka. Bawaba ya mlango hulika kwa kadiri inavyotumika. Gegedu huhitaji kutumika ili liishi, ingawa huweza pia kuharibiwa na mzigo uliozidi, jeraha, au kazi ya kupiga magoti na kuchuchumaa kwa miaka mingi. Historia ya kazi ya mvuvi kwa hiyo haiwezi kusomwa kwa upande mmoja, kana kwamba kila kasia lilikata kipande cha kiungo chake.

Uzee na ugonjwa

Sehemu iliyowachanganya watafiti kwa muda mrefu ni kutenganisha gegedu lililozeeka na gegedu lililougua. Umri ni kihatarishi kikubwa kuliko vyote cha ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, lakini vitu hivyo viwili si kimoja.

Gegedu linapozeeka, chembe zake hupungukiwa na uwezo wa kujibu mahitaji. Baadhi huingia katika hali ya ukongwe: haziongezeki tena, bali hutoa vitu vinavyochochea uvimbe na kumeng'enya maada iliyo karibu. Agrekani mpya huwa fupi zaidi, na vipande vya zile za zamani hubaki mahali pake. Sukari ya mwilini hujifunga polepole kwenye kolajeni na kuziunganisha nyuzi zisivyotakiwa. Ndiyo sababu gegedu la kijana ni jeupe lenye kung'aa, na la mzee huwa na rangi ya manjano na kuvunjika kwa urahisi zaidi. Kiasi cha maji hupungua kidogo. Mpaka hapo tabibu wa Kigalen angetabasamu, maana uzee umethibitika kuwa ukavu.

Katika ugonjwa mambo huenda kinyume. Mwanzoni mwa kuchakaa kwa kiungo, maji ndani ya gegedu huongezeka. Wavu wa kolajeni umekatika, agrekani zimepata nafasi ya kutanuka, na gegedu huvimba na kulainika kabla ya kupasukapasuka na kuondoka. Kwa hiyo istilahi ya baridi yabisi ni sahihi kwa nusu moja na hukosea kwa nyingine: inaueleza uzee, haiuelezi ugonjwa. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa zahanatini. Mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yake ni uzee tu ameelezwa habari za tishu moja kwa kutumia habari za nyingine.

Aidha, gegedu halina neva, hivyo halisikii maumivu. Yanayouma ni mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo, kano na misuli. Picha ya eksirei nayo hailionyeshi; huonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake, na msomaji hukisia unene wa gegedu kutokana na upana wa nafasi hiyo. Kipimo cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957, ambacho bado kinatumika duniani, kimejengwa juu ya ukisiaji huo. Wataalamu hao wawili walikuwa wamechunguza wachimbaji wa makaa ya mawe wa Leigh, Uingereza, na kutoa matokeo yao mwaka 1952. Inafaa kukumbuka kwamba elimu ya kuhesabu ugonjwa huu ilianzia kwa watu wa kazi ngumu ambao walikuwa na tarehe za kuzaliwa, orodha za mishahara na siku za kazi zilizopotea. Mvuvi wa Rukuba wa mwaka huohuo alikuwa na kazi ngumu kama wao. Hakuwa na orodha hizo.

Kinachohesabika

Utawala wa kikoloni katika eneo la ziwa ulianza afya ya umma kwa hofu ya malale. Robert Koch alifanya utafiti wake katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, na Wajerumani walikuwa na kambi ya malale Shirati, kaskazini mwa Musoma. Waingereza walipochukua Tanganyika waliendelea na malale, wakaongeza buba, malaria na kichocho. Katika miaka ya 1920 idara ya tiba, chini ya John Owen Shircore, ilisambaza sindano za bismathi dhidi ya buba na kaswende, na watu walizifuata kwa wingi kwa sababu vidonda vilipona mbele ya macho yao.

Buba iliyokomaa huumiza mifupa. Mtu mzima mwenye maumivu ya miguu aliyesimama katika foleni ya sindano angeweza kwa urahisi kuandikwa katika daftari la buba, kwa kuwa daftari lilikuwa na safu ya buba na dawa yake ilikuwapo. Takwimu za namna hiyo hazidanganyi kwa makusudi; hujibu tu maswali ambayo waliozitunga walikuwa na jibu lake. Ugonjwa usioambukiza, usioua, usio na dawa na unaowapata wasiolipa tena kodi haukuwa na safu.

Pengo la pili lilikuwa la umri. Sensa za mwaka 1948 na 1957 ziliwaweka Waafrika katika makundi mapana ya umri, na ni sensa ya Agosti 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, iliyotafuta umri kwa undani zaidi. Ili kuupata, makarani katika sensa za Afrika Mashariki wametumia kalenda za matukio: mtu huulizwa alikuwa na ukubwa gani wakati wa vita vya Wajerumani, wakati wa nzige, au wakati wa njaa fulani. Jamii za bara la Mara zilikuwa na mpangilio wake. Kama Jan Bender Shetler alivyoonyesha katika utafiti wake wa simulizi za Mara ya kusini, marika yaliyoitwa saiga yalibeba kumbukumbu ya vizazi na ya mahali. Rika lilimwambia mtu nani alitahiriwa pamoja naye na nani alimtangulia. Halikusema kwamba ana miaka 62, na halikuhitaji kusema hivyo.

Homa zilizokunja viungo

Viungo viliingia katika maandishi ya kitabibu ya Tanganyika kwa mlango wa mlipuko. Mwaka 1952 na 1953 homa isiyojulikana iliwakumba wakazi wa uwanda wa Makonde, kusini. Marion Robinson alieleza dalili zake katika makala ya mwaka 1955, na W. H. R. Lumsden alieleza mwenendo wa mlipuko; virusi vyake vilitengwa na R. W. Ross katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Ugonjwa huo ulibaki na jina la Kimakonde, chikungunya, linalotokana na kujikunja kwa mgonjwa.

Miaka michache baadaye jambo kama hilo lilitokea karibu zaidi na Mara. Mwaka 1959 homa yenye maumivu makali ya viungo ilianza Gulu, kaskazini mwa Uganda, ikaenea kusini na mashariki kulizunguka ziwa, Kenya na Tanganyika zikiwamo. Hadi mwaka 1962 takriban watu milioni 2 walikuwa wameugua. Waacholi waliipa jina la o'nyong-nyong, lenye maana ya kuvunja viungo. Watafiti wa Entebbe walibaini kwamba virusi vyake huenezwa na mbu wa Anofelesi, wale wale wa malaria, jambo lisilo la kawaida kwa virusi vya binadamu. Karibu hakuna aliyekufa. Ugonjwa huo ulirejea kusini-magharibi mwa Uganda na upande wa Bukoba mwaka 1996 na 1997.

Milipuko hii miwili ina nafasi ya pekee katika historia ya viungo. Kwanza, lugha za Kiafrika ndizo zilizoipa sayansi majina yake, na majina hayo yanaonyesha kwamba wasemaji walitofautisha barabara kati ya kiungo kinachouma kwa homa na kiungo kinachouma kwa umri. Pili, ilionyesha kwamba dola iliweza kabisa kuchunguza maumivu ya viungo vijijini, kufuata kijiji kwa kijiji na kuhesabu kaya, pale maumivu hayo yalipokuja ghafla na kwa pamoja. Hoja kwamba vijiji vya ziwa havikuweza kufikiwa haisimami. Maumivu yaliyokuja polepole, goti moja kwa wakati wake, hayakupelekewa msafara wowote wa uchunguzi. Ni kweli kwamba virusi hivyo hushambulia zaidi utando wa kiungo kuliko gegedu lenyewe, na pia kwamba chikungunya huacha maumivu ya miezi au miaka, hasa kwa walio na umri mkubwa. Watu wazima wa miaka ya 1950 waliougua homa hizo walizeeka wakiwa na historia mbili ndani ya kiungo kimoja.

Dhana ya Mwafrika asiyechakaa

Pengo la takwimu halikubaki wazi. Lilijazwa na dhana. Katika miaka ya 1970 Louis Solomon, Peter Beighton na J. S. Lawrence walichunguza jamii ya Watswana wa kijijini Afrika Kusini na kukuta kwamba ugonjwa wa nyonga ulikuwa nadra kuliko kwa watu wa asili ya Ulaya. Uchunguzi wao ulifanywa kwa uangalifu, na matokeo kuhusu nyonga yanaaminika. Tatizo lilikuwa kwa waliosoma matokeo hayo kwa haraka. Nyonga ya Watswana ikageuzwa kuwa kiungo cha Mwafrika, na kukosekana kwa wagonjwa hospitalini kukachukuliwa kuwa ushahidi wa pili. Wazee wasiofika hospitali kwa kukosa nauli walihesabiwa kuwa wazee wasiougua.

Mifupa ya kale yenyewe inakanusha wazo kwamba eneo hili lilisalimika kwa asili yake. Olduvai, upande wa pili wa Serengeti ukitokea Mara, ndiko yalikopatikana mwaka 1960 mabaki ya mguu yanayojulikana kwa alama OH 8, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Mwaka 2012 Elizabeth Weiss aliyalinganisha na mifupa mingine na kuona kwamba mabadiliko ya viungo vyake yanaelekea kutokana na jeraha. Gegedu halikubaki, bila shaka. Tishu hiyo haigandi kuwa jiwe, na mtaalamu wa mabaki ya kale huisoma kama daktari wa eksirei anavyoisoma, yaani kwa alama ilizoacha mfupani.

Upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Ian Wallace na wenzake juu ya mifupa ya Wamarekani zaidi ya 2,000 ulionyesha kwamba kuchakaa kwa goti kumeongezeka maradufu tangu katikati ya karne ya 20, hata baada ya kuzingatia umri na unene. Ikiwa ugonjwa unaweza kuongezeka maradufu katika taifa moja ndani ya miongo michache, maelezo ya kimbari yanakosa mahali pa kusimama. Kinachobaki ni historia: kazi, mwendo, chakula, majeraha, urefu wa maisha. Tanzania nayo imeanza kuhesabu. KCMC na Chuo Kikuu cha Glasgow wameifanya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuwa eneo la kuchunguza magonjwa ya viungo na gharama zake kwa kaya, na moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa ya lugha, maana mtafiti hawezi kuuliza kuhusu ugonjwa kabla ya kujua mgonjwa anauitaje.

Gegedu kama daftari

Suala la umri lilipata jibu lisilotarajiwa kutoka katika silaha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kuanzia miaka ya 1950 hadi mkataba wa mwaka 1963 ulioyazuia, karibu yaliongeza maradufu kiasi cha kaboni 14 katika hewa ya kizio cha kaskazini, na ongezeko hilo likasambaa duniani kote kwa tofauti za muda na kiasi. Mimea iliivuta, wanyama na samaki wakaila, watu wakaijenga ndani ya miili yao. Baada ya hapo kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, hivyo tishu isiyojijenga upya hubaki na alama ya wakati ilipojengwa.

Mwaka 2016 Katja Heinemeier na wenzake wa Denmark walitumia alama hiyo kupima gegedu la goti. Walikuta kwamba kolajeni yake ilibeba kaboni ya miaka ya ujana wa mwenyewe, na kwamba hali ilikuwa hivyo kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa. Wavu uliosukwa kabla ya utu uzima ndio mtu anaokwenda nao kaburini. Agrekani hubadilishwa, kolajeni haibadilishwi kwa kiasi cha maana. Hapo kauli ya Hunter ya mwaka 1743 ilipata maelezo yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliongeza kwamba protini za kifundo cha mguu huonekana changa kuliko za goti, na za goti kuliko za nyonga, kana kwamba uwezo wa kujirekebisha hupungua kadiri kiungo kinavyokaribia kiwiliwili.

Kwa mwanahistoria wa Mara matokeo hayo yana ladha ya pekee. Mtu aliyekua Rukuba kabla ya mwaka 1950 ana goti lililosukwa kwa hewa ya kabla ya mabomu. Aliyekuwa kijana wakati wa sensa ya mwaka 1967 ana goti lenye kilele cha mabomu ya mataifa ambayo hakuwahi kuyaona. Tarehe ambayo kalenda ya matukio iliitafuta kwa nzige na njaa ilikuwa imeandikwa ndani ya kiungo, mahali ambapo karani hakuweza kufika.

Tarehe hiyo haina faida kwa mwenye goti, na hapo historia inageuka kuwa suala la siku hizi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na sera ya afya inakusudia wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Haki hiyo hutegemea kuthibitisha umri. Watu wa kizazi kinachougua sasa walizaliwa wakati usajili wa vizazi haukuwafikia watu wengi wa vijijini, na wengi wao wana mwaka wa kuzaliwa waliokadiriwa na mtu mwingine: mwalimu, padri, karani wa sensa, ofisa wa kitambulisho. Goti likishafika hatua ya kuhitaji kubadilishwa, safari kutoka kisiwani huvuka maji hadi Musoma, kisha barabara hadi Bugando, Mwanza, au hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Katika upasuaji wa kubadilisha goti mabaki ya gegedu la manjano hukatwa pamoja na ncha za mifupa na kutupwa. Kabla ya hapo, dirishani pa usajili, mgonjwa huulizwa alizaliwa mwaka gani, na mzee asiye na cheti hutaja tukio.